Miaka Thelathini na Moja kwenye Dirisha la Risasi

Ijumaa ya tarehe thelathini, saa kumi kamili alasiri, mtunza ghala la risasi wa klabu yetu ya shabaha atafunga dirisha lake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne ya kazi. Faili la ofisi lina jina lake kamili, lenye maneno manne, lakini hakuna anayelitumia. Kuanzia mwenyekiti hadi mfagizi, sote tunamwita Mama Sikio, na hata barua yake ya kustaafu ilichapwa hivyo kwa makosa, ikabidi irudiwe.

Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu mimi ndiye fundi bunduki, na karakana yangu imetenganishwa na ghala lake kwa ukuta wa mbao usiozuia hata chafya. Kwa miaka kumi na tisa nimemsikia akikohoa, akicheka na akigombeza wakubwa. Yeye amesikia kutoka kwangu mengi zaidi, hasa siku ninapojigonga kidole, na hajawahi kumwambia mtu. Kwa hilo peke yake ningeandika kurasa mbili.

Tunamuaga kwa huzuni kidogo na kwa ahueni kubwa. Ahueni hiyo isieleweke vibaya. Hatufurahii kuondoka kwake. Tunashukuru kwamba anaondoka akiwa na vidole vyake vyote kumi, na sisi pia tukiwa na vyetu.

Alikuja kwa wiki mbili tu. Mpiga chapa wa ofisi alikuwa mgonjwa, naye akaletwa kushika nafasi. Ghala la risasi lilikuwa chini ya mzee mmoja, askari mstaafu aliyeitwa Sajini, ambaye alishafukuza wasaidizi watatu kwa kosa lile lile la kutoa risasi isiyo ya bunduki husika. Siku ya nne Sajini alimwita yule binti wa kuchapa, akatandika taulo mezani, akamwaga juu yake risasi ndogo kama mia moja zilizochanganyika, akamwambia afumbe macho azitenge.

Sajini hakujua kwamba aliyesimama mbele yake ni mtoto wa fundi cherehani. Tangu akiwa na miaka tisa alikuwa akimpa baba yake sindano, na aliweza kutofautisha namba kumi na nne na namba kumi na sita kwa kuzisugua tu kati ya vidole. Alifumba macho. Dakika tatu hazijaisha, mezani palikuwa na mafungu manne. Sajini aliyakagua, akatafuta kosa, akalikosa, akaenda ofisini kwa meneja na kusema, "Huyu harudi kuchapa."

Kwa ndugu na jamaa watakaosoma hapa bila kujua tunachofanya, nieleze kidogo. Klabu yetu hutumia bunduki na bastola ndogo, na risasi zake ni zile ambazo baruti ya kuwashia imepakwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda. Pini ya bunduki hugonga ukingoni, siyo katikati, na moto huanzia hapo. Ni risasi za bei rahisi, hazina kishindo kikubwa, na mtu akiziona mara ya kwanza hudhani ni za kuchezea. Hapo ndipo hatari inapoanzia. Nyingi hufanana kama pacha. Kuna fupi, kuna ndefu ambayo ndiyo ya kila siku, kuna ndefu ya mwendo wa pole isiyopiga kelele, kuna ndefu kali, kuna magnamu ambayo ganda lake limenenepa unene wa nywele chache tu, na kuna ile nyembamba ya kipenyo cha pointi kumi na saba ya inchi ambayo shingo yake imebanwa kama chupa. Kila moja ina bunduki yake. Ukikosea, siku ya bahati nzuri unapoteza shabaha. Siku ya bahati mbaya unapoteza jicho.

Sajini alipostaafu, Mama Sikio alirithi ghala, na wiki hiyo hiyo akaanza kulipanga upya. Alipaka rafu rangi. Kijani kwa ndefu ya kawaida, bluu kwa ya pole, njano kwa fupi, nyekundu kwa magnamu, zambarau kwa ndefu kali, nyeupe kwa ile ya shingo iliyobanwa. Kisha akaja kwenye karakana hii yangu, enzi za fundi aliyenitangulia, akaomba kila bunduki ya klabu iwekwe alama ya rangi ile ile chini ya kitako. Baada ya hapo akatunga sheria moja ambayo imetusumbua wote: bunduki kwanza, risasi baadaye. Haijalishi wewe ni nani. Unaweka silaha yako wazi na tupu mbele ya dirisha, yeye anavaa miwani, anasoma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu kwa macho yake mwenyewe, ndipo mkono wake unakwenda kwenye rafu. Rangi anaiangalia mwishoni kabisa. "Rangi hubanduka," husema. "Chuma hakisahau kilichoandikwa."

Mwenyekiti wetu wa pili ndiye aliyejaribu sheria hiyo. Alikuwa amenunua bunduki ya magnamu, mpya, inanukia mafuta, na alikuwa na wageni aliotaka waione ikilia. Bahati mbaya rafu nyekundu ilikuwa tupu wiki hiyo. Mwenyekiti akasema si neno, apewe zile ndefu za kawaida, kwani amezijaribu ofisini na zimeingia vizuri tu kwenye chemba, pale risasi inapokaa. Mama Sikio akasema hapana. Mwenyekiti akakumbusha kwa upole kwamba yeye ni mwenyekiti. Mama Sikio akakubali kwa upole kwamba ndiye, akafunga dirisha, akatundika kibao chake cha "NAKUNYWA CHAI".

Wageni walisimama wakitazamana. Dakika kumi zikapita. Dirisha lilipofunguka, Mama Sikio alikuwa na ganda tupu la ndefu ya kawaida mkononi. Akaomba bunduki, akalidumbukiza ganda ndani ya chemba, akaitikisa karibu na sikio la mwenyekiti.

"Unasikia, mheshimiwa?"

"Linacheza."

"Ndiyo. Chemba ni pana, ganda ni jembamba. Ukifyatua, ganda litapasuka na moto utatafuta pa kutokea, na uso wako ndio ulio jirani. Baba yangu alikuwa akiwaambia wateja: kuingia si kukaa. Hata koti la kaka yangu linaniingia."

Mwenyekiti alicheka, kwa sababu alikuwa muungwana, na wageni wakacheka kwa sababu mwenyekiti amecheka. Jumatatu iliyofuata alileta maneno hayo yameandikwa kwenye ubao uliopigwa vanishi, na bado yako juu ya dirisha: KUINGIA SI KUKAA. Bunduki yenyewe ilisubiri siku kumi na moja hadi magnamu zilipofika. Ililia vizuri. Hakuna aliyeumia.

Sasa nieleze jina lilipotoka, ingawa hadithi hiyo inanidhalilisha. Mwaka wangu wa kwanza hapa, nililetewa bastola inayojipakia yenyewe. Kocha wa timu alisema inagoma: inapiga moja, inakwama, inapiga moja, inakwama. Nikaifungua. Nikasafisha, nikabadili springi, nikairudisha. Ikagoma. Nikaifungua mara ya pili, nikasugua reli zake mpaka zikang'aa. Ikagoma. Mara ya tatu nilikuwa nimeiweka vipande vipande kwenye kitambaa, jasho linanitoka, kocha amesimama mlangoni mikono kiunoni, ndipo sauti ikaja kupitia ukutani.

"Fundi, mgonjwa wako haumwi. Ana njaa."

Akaendelea, bila kuacha kupanga makasha yake. "Nimeisikia ikipigwa uwanjani tangu juzi. Inatoa sauti ya risasi ya pole. Hiyo haina nguvu ya kuisukuma nyuma ipakie nyingine. Kocha ameleta kasha lake kutoka nyumbani, mwulize."

Kocha akatazama kwingine. Kweli alikuwa amebeba risasi za pole za bunduki yake ya nyumbani, kwa kuwa alizipenda kwa utulivu wake. Tukampa bastola kijani ya kawaida, ikapiga makasha mawili bila kikohozi. Ile risasi ya pole haikuwa mbovu. Kwenye bunduki ya kukoki kwa mkono ni tamu kuliko zote. Ila haikuwa chakula cha bastola ile. Tangu siku hiyo nikaanza kumwita Mama Sikio, na kabla ya mwezi kuisha jina lilikuwa la klabu nzima. Tangu siku hiyo pia, kabla sijashika bisibisi, huuliza kwanza silaha imelishwa nini.

Alikuwa na masikio ya namna hiyo. Akiwa nyuma ya kioo, amejiinamia kwenye daftari, angeweza kusema kwamba njia ya pili, yaani nafasi ya pili ya kupigia, wanapiga fupi, njia ya nne wamehamia kali. Aliwahi kumwambia dereva wa lori mstaafu, mwanachama wetu wa siku nyingi, kwamba bunduki yake itaanza kung'ang'ania maganda ndani ya wiki moja, kwa sababu amekuwa akipiga fupi humo miezi mitatu mfululizo na masizi yamejijenga mbele ya pale ganda fupi linapoishia. Yule mzee alimjibu kwamba yeye si mganga wa kienyeji. Siku ya sita alikuja karakanani kwangu na ndefu moja imenasa kwenye chemba kama kizibo. Nilisugua kwa brashi ya shaba mpaka bega likauma. Mzee alipita dirishani wakati wa kuondoka, akavua kofia, akaivaa tena.

Yote haya ni ya kuchekesha. Nililokuwa nasitasita kuliandika ni la fainali ya vilabu, miaka tisa iliyopita.

Ukumbi ulijaa siku hiyo. Wapigaji wanane walikuwa mstarini, wamelala kifudifudi, kila mmoja na bunduki ya kukoki kwa mkono, masikio yote yamefunikwa. Kwenye njia ya tano alikuwepo mchezaji wetu bora, mwalimu wa hesabu, mama wa watoto watatu, ambaye kila mtu humwita Mwalimu. Zilibaki risasi saba kila mmoja. Mwalimu na nahodha wa timu ya wageni walikuwa wamefungana kwa pointi, na waamuzi walikuwa wameketi kwenye meza yao ndefu na saa yao kubwa. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya dirisha la Mama Sikio, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na nafasi.

Risasi zilikuwa zikilia moja moja, bila mpangilio, tap, tap-tap, tap. Mimi sikusikia lolote la ajabu. Nilimwona Mama Sikio akiinua kichwa kutoka kwenye daftari ghafla, kama mtu aliyeitwa kwa jina.

Alichokisikia, alinieleza baadaye, ni sauti kama ya mtu anayefungua chupa kwa aibu. Ilitoka njia ya tano. Risasi ilikuwa imewaka nusu nusu. Kichwa chake kilikuwa kimeingia kwenye mtutu na hakikutoka upande wa pili. Mwalimu hakujua. Bunduki hizi hazisukumi bega sana, masikio yake yalikuwa yamefunikwa, na kwenye shabaha matundu yake yalikuwa yamelaliana kiasi kwamba tundu moja kutoonekana halikumshtua. Alikuwa ameshakoki. Risasi nzima ilikuwa imekaa nyuma ya ile iliyokwama. Akifyatua, mtutu ungevimba au kupasuka, na mkono wake wa kushoto ulikuwa chini yake.

Kwa sheria za wakati ule, msimamizi wa mstari pekee ndiye aliyeruhusiwa kusimamisha upigaji. Alikuwa amesimama mwisho kabisa wa ukumbi, amewapa mgongo. Hata Mama Sikio angepiga kelele, nani angemsikia kati ya watu waliofunika masikio?

Pembeni ya dirisha lake, ukutani, pana swichi kuu ya taa za shabaha. Alinyoosha mkono akaizima.

Shabaha zote nane zikamezwa na giza. Mafunzo ya kila mpigaji yanasema taa zikizimika vidole vinatoka kwenye kifyatuo, bolti za nyuma ya mtutu zinafunguliwa. Wanane wote wakafanya hivyo. Mwalimu naye akafanya hivyo, na kidole chake, alituambia, kilikuwa kimeshaanza kubana.

Kisha kelele zikaanza. Msimamizi alikuja akikimbia, uso umeiva. Nahodha wa wageni alivua vifunika masikio akavitupa sakafuni, akasema ni hila, kwamba mchezaji wa nyumbani alikuwa akichoka na klabu ya nyumbani imemtafutia mapumziko. Mwamuzi mkuu, mwanamke mrefu mwenye sauti isiyopanda, alimwendea Mama Sikio aliyekuwa ametoka ghalani na kusimama katikati ya ukumbi na shuka lake la kiunoni na miwani yake imepinda.

"Nani alikupa ruhusa?"

"Hakuna."

"Kwa nini umezima?"

"Njia ya tano. Kuna risasi imekwama kwenye mtutu. Nimesikia."

"Umesikia. Kupitia kioo. Kati ya bunduki nane."

"Ndiyo, mama."

Mwamuzi mkuu akaendelea. "Unaelewa kwamba kama hakuna kitu, klabu yako inatolewa kwenye mashindano, na wewe nitapendekeza usionekane tena kwenye ukumbi wa shabaha?"

"Naelewa," alisema Mama Sikio. "Na kama hakuna kitu nitafurahi kuliko wote."

Nikaitwa. Mwalimu alikuwa amejitenga na bunduki, amekaa kitako sakafuni, mikono mapajani. Msimamizi akaichukua ile risasi nzima iliyodondoka bolti ilipofunguliwa, akaiweka kwenye kiganja cha mwamuzi. Nilileta fimbo yangu ya shaba, nikahakikisha chemba ni tupu, nikaingiza fimbo kwa mdomo wa mtutu mbele ya watu wote. Iliteleza vizuri. Ikaendelea kuteleza. Nakiri kwamba hapo moyo wangu ulishuka, kwa sababu nilimpenda yule mama na niliona kazi yake inakwenda. Fimbo ikafika zaidi ya nusu. Ikafika theluthi mbili.

Ikagota.

Niliisukuma kidogo. Haikwenda. Nikashika fimbo kwa kidole gumba pale ilipoishia, nikaichomoa, nikailaza juu ya bunduki kwa nje ili kila mtu aone. Ilikuwa imepungua shibiri nzima kufika kwenye chemba. Mwamuzi mkuu aliitazama fimbo, kisha akamtazama Mwalimu, kisha akavuta kiti akakaa.

Wa kwanza kusogea alikuwa nahodha wa wageni. Alikwenda kwenye mkoba wake, akatoa makasha mawili, akasoma namba zilizopigwa chapa ubavuni, akaja kuyaweka mbele ya Mama Sikio. Yalikuwa ya shehena ile ile ya risasi za Mwalimu. "Mama," alisema, "nipatie nyingine." Mama Sikio akamwuliza bunduki iko wapi. Watu walicheka kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena ukumbini, kicheko cha watu waliotoka kwenye ajali bila mkwaruzo. Nahodha alikwenda kuileta bunduki yake, akaiweka wazi na tupu, akasubiri isomwe.

Mwalimu alishika nafasi ya tatu. Hakujali. Mama Sikio alirudi ghalani kujimiminia chai, na niliposikia kikombe kikigonga sahani bila kukoma nikazunguka kwenda kumwona. Chai yote ilikuwa mezani. Nilimwuliza aliwezaje kutulia mbele ya yule mwamuzi. Akasema hakutulia hata kidogo. "Nilijua nina pumzi moja tu ya Mwalimu. Yeye huvuta, hutoa nusu, hufyatua. Alikuwa ameshatoa nusu."

Mtu angetarajia kwamba baada ya hapo angetembea kifua mbele. Kinyume chake, siku ile ilimwachia hofu ambayo aliificha kwa miaka mingi. Sisi tulianza kumtegemea. Tulipiga risasi kwa raha zetu tukijua kuna sikio dirishani, naye alikuwa akienda nyumbani kila jioni akijiuliza itakuwaje siku sikio hilo litakaposhindwa.

Siku hiyo ilifika mwaka jana. Jumanne moja asubuhi aligonga ukuta wetu wa mbao. "Fundi, ile ya sasa hivi njia ya kwanza ilikuwa ndefu au magnamu?" Nilidhani ananitania. Magnamu ina mlio ambao hata mimi naujua. Nilipozunguka kwenda ghalani nilimkuta amekaa, mikono imeshika meza. Alisema tangu wiki tatu zilizopita anasikia kila kitu kama kimefungwa kwenye blanketi. Barua ya kuacha kazi ilikuwa tayari kwenye droo. "Sikio likifa," alisema, "hili dirisha ni tundu tu la ukutani."

Nilimpigia simu mume wake, dereva wa gari la maji, mtu mkimya ambaye klabu nzima humwita Shemeji. Alimchukua siku ile ile kumpeleka kwa daktari wa masikio, nami nikafuatana nao. Tulikaa mimi na Shemeji kwenye benchi la korido. Alikuwa akizungusha funguo za gari kidoleni, akizungusha, mpaka usingizi ukamchukua ameegemea ukuta, maana alikuwa kazini tangu alfajiri.

Ndani, daktari alichungulia sikio la kwanza, akachungulia la pili, akarudi la kwanza.

"Mama, unaweka pamba masikioni?"

Akasema ndiyo, kila siku akiwa kazini, kwa sababu vile vifunika masikio vinambana juu ya kilemba chake.

"Na huitoa yote?"

Daktari alichukua kibano. Kutoka sikio la kushoto alitoa donge la pamba na nta ambalo, kwa maelezo ya muuguzi, lilikuwa la siku nyingi. La kulia lilikuwa na mwenzake. Mama Sikio alikaa wima. Alisema kitu cha kwanza alichokisikia ni saa ya ukutani. Cha pili kilitoka nje, koridoni, kizito, kinapanda na kushuka.

"Huyo ni mume wangu," alimwambia daktari. "Ana mafua."

Nilimwamsha Shemeji nikamweleza. Alinitazama kama vile nimesema kwa lugha ngeni, kisha akaficha uso kwenye mikono yake, mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, na kulia kulikuwamo pia. Vipimo vilionyesha masikio ya mtu wa miaka yake, yamechoka kidogo, si mabaya. Daktari alimpiga marufuku pamba, akamwagiza atumie vifunika masikio vya kweli vinavyokaa nyuma ya shingo, visivyogombana na kilemba. Barua ya kuacha kazi niliiona ikichanwa kwa macho yangu. Alipokuwa akiichana alisema jambo ambalo limebadilisha klabu hii kuliko rangi zote za rafu.

"Pamba ndogo tu, Fundi. Pamba ndogo tu ilitosha kuwaacha watu wote hawa bila mlinzi. Hatuwezi kuishi hivi."

Mwaka wake wa mwisho aliutumia kujifanya asihitajike. Alikwenda mbele ya kamati, akataka sheria ibadilishwe, na ikabadilishwa: mtu yeyote ndani ya ukumbi, hata mgeni, hata mfagizi, anaweza kusimamisha mstari, na hataulizwa kwa ukali. Swichi ya taa sasa iko kila njia. Fimbo ya shaba inaning'inia kila njia. Pia alianzisha somo la kila Jumatatu saa tisa, ambalo wapigaji wa zamani walilidharau kwa wiki mbili, kisha wakaanza kugombea viti. Aliwaketisha wakiupa mstari kisogo huku mimi nikifyatua, nao wakitaja: ndefu, fupi, ya pole. Aliwafundisha kuhisi bega linaposukumwa kidogo kuliko kawaida, kutafuta tundu kwenye shabaha kabla ya kukoki, na risasi ikigoma kabisa kuwaka, kuuacha mtutu ukitazama mbele na kuhesabu hadi thelathini kabla ya kufungua bolti. Wengi walihesabu haraka. Aliwarudisha mwanzo.

Mwezi wa tatu mwaka huu alikuwa likizo. Jumamosi hiyo, kwenye njia ya sita, alikuwepo mwuza maua, mwanachama wa mwaka mmoja, mtu asiyesema sana. Alipiga, akasita. Hakukoki. Aliweka bunduki chini, akazima taa, akainua mkono. Msimamizi alipomfikia alisema tu, "Imekuwa nyepesi. Sijui. Naomba tuangalie."

Fimbo iligota katikati.

Nilimpigia Mama Sikio simu nikiwa bado nimeishika ile fimbo. Nilimweleza kila kitu: nani, njia ipi, shehena ipi, kwamba hakuna aliyeguswa, kwamba makasha yote ya namba hiyo yameshatolewa rafuni. 

"Alisikia mwenyewe?" akauliza.

"Mwenyewe. Hakuna aliyemwambia."

Nikasikia akivuta pumzi, akiitoa yote. "Basi, Fundi," akasema, "sasa naweza kustaafu." Na Jumatatu akaja na barua, safari hii bila hofu.

Ghala analipokea dada aliyetoka bohari ya dawa, aliyezoea makasha yanayofanana na makosa yasiyosameheka. Wamekaa pamoja miezi miwili. Wiki iliyopita nilimpelekea bastola niliyoijaribu mwenyewe jana yake, nikiwa na haraka, nikataja risasi ninayotaka. Alivaa miwani akaniuliza, bastola iko wapi. Mama Sikio alikuwa amekaa nyuma yake na kitabu, hakuinua uso, lakini niliona mashavu yakipanda.

Kwa niaba ya wapigaji, waamuzi, makocha, wafagizi na mafundi wenye karakana zenye kuta nyembamba, tunakushukuru mama yetu kwa kila hapana uliyotuambia. Tunawashukuru Shemeji na watoto kwa kutuazima mtu wao kwa muda wote huo, tunamrudisha mzima. Tumesikia wajukuu pacha wanakusubiri, wana miezi mitano na sauti zisizo na kifaa cha kuzizuia. Lala uchelewe kuamka. Mlango ukigongwa, waache wengine wafungue. Uwe na siku nyingi, afya, na utulivu wa mtu aliyemaliza kazi yake. Sisi huku tuko salama.